MWANAFUNZI SI NGOMA YA MKUTANO

Ndugu wanachama, wako wenzetu wanaoshauri kwamba wanafunzi wa sekondari watolewe darasani, wavikwe fulana za Chama, waandamane kudai fedha za shule. Sisi twasema wazi: dai ni la haki, lakini njia hiyo si yetu.

Dai ni la haki kwa kuwa hesabu yenyewe yasema. Ada katika sekondari za umma ilifutwa hadi kidato cha nne mwezi Januari 2016, na chini ya mpango huo ruzuku ya Serikali ikawa shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Zigawe kwa siku 365: hazifiki shilingi 70 kwa siku. Hazinunui hata andazi moja, nazo zatakiwa kununua vitabu, chaki na karatasi za mitihani. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua ugumu wa kufundisha darasa ambalo safu nzima yasomea kitabu kimoja.

Basi mwanafunzi asiambiwe anyamaze. Jambo ni lake. Na afanye hesabu ya shule yake: fedha ngapi zilitakiwa, ngapi zimefika, madawati mangapi hayapo. Aiandike karatasini, ampelekee mzazi wake. Kisha mzazi asimame katika mkutano wa kijiji amuulize diwani mbele ya watu. Mtoto hana kura mpaka atimize miaka 18. Kura ni ya mzazi, na diwani aijua.

Twaikumbuka Soweto, tarehe 16 Juni 1976. Wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawapiga risasi. Twawaheshimu daima. Lakini heshima hiyo isitufanye tuwatangulize watoto huku watu wazima tumekaa barazani. Mwalimu Nyerere, alipotakiwa mwaka 1955 kuchagua baina ya ualimu na siasa, aliiacha kazi yake ya Pugu. Gharama aliilipa mwenyewe.

Kwa hiyo katibu wa tawi anayetafuta watoto wa kujaza uwanja ajiulize kwanza: je, yeye amekwisha kwenda kwa mkuu wa shule kuuliza hesabu ya ruzuku? Kama hajaenda, aende kesho asubuhi. Mtoto abaki darasani. Kudai ni kazi yetu.