Ndengu Zetu na Mkebe wa Unga

Si mara moja wala mbili ambapo wanafunzi wa shule za upili katika Kitui na Makueni wameniuliza iwapo mtu anaweza kujenga misuli pasi na kununua unga wa protini, ule uuzwao kwa mikebe yenye picha za watu waliotunisha vifua. Wengine wako radhi kutumia pesa za muhula mzima. Nasema waziwazi kwamba hiyo ni hasara, na walimu wa michezo ndio wapasao kuwa wa kwanza kuwaambia.

Mnamo 2018 jarida moja la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 49 na watu 1,863, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakinyanyua vyuma. Ilibainika kwamba protini ya ziada husaidia, lakini kwa wastani wa gramu 300 hivi tu za mwili usio mafuta, juu ya zile zilizopatikana kwa mazoezi peke yake. Tena, mtu akishapata gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake, kuongeza zaidi hakumfai kitu. Kazi kubwa hufanywa na chuma chenyewe.

Basi na tupige hesabu. Kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi kwa bidii hana haja ya kupita gramu 96. Gramu 100 za ndengu kavu zina protini gramu 24 hivi, na kunde na mbaazi hazipungui sana. Mayai mawili yana 12; vikombe viwili vya maziwa, 16. Muthokoi nao, ambao vijana wetu huuonea haya, ni chakula cha busara: mahindi yana upungufu wa lisini, nayo maharagwe yanayo kwa wingi. Ilhali bei ya mkebe mmoja hununua makumi ya kilo za ndengu.

Kuna na uzushi mwingine, eti msichana akinyanyua vyuma atapata mwili wa kiume. Ukipima kwa asilimia, misuli ya mwanamke huitikia mazoezi karibu sawa na ya mwanamume. Mwanamume huanza tu na misuli mingi zaidi, na homoni yake ya testosteroni ni zaidi ya mara kumi ya ile ya mwanamke. Ajabu ni kwamba msichana huyo huyo hubebeshwa mtungi wa lita 20 kwa mukwa kutoka mtoni, wala hakuna anayehofu kuwa atageuka mvulana! (Mtungi wenyewe, maadamu uzito wake ni ule ule kila siku, haumjengi kama chuma kinachoongezwa kidogo kidogo.)

Linaloniudhi hasa ni kwamba ndengu zetu nyingi huuzwa mara tu zikishavunwa, kwa kuwa karo haingoji. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, na waliokosa protini wakati huo hawakuwa wanyanyua vyuma. Kwa hiyo naziomba bodi za shule zinunue ndengu za wakulima wa Mwingi na Kathonzweni wakati wa mavuno, kabla ya madalali kufika na malori yao.