Mwacheni Kijana Akashindane Kuimba



Katika kila kijiji wapo vijana wenye sauti nzuri. Wengine huimba shambani wakipalilia. Wengine huimba kisimani, kanisani, madrasa au harusini. Watu husikia na kusema, "Kijana huyu ana sauti." Kisha kila mtu hushika njia yake. Mwaka unapita, na sauti ile inabaki pale pale.

Mimi ni Afisa wa Elimu ya Watu Wazima. Katika madarasa ninayotembelea, wazazi huniuliza: "Bwana Afisa, mtoto wetu anataka kwenda kwenye mashindano ya kuimba. Tumruhusu?" Wengine huogopa uhuni wa mjini. Wengine husema kuimba si kazi. Maoni yangu ni haya: mruhusuni. Lakini kwanza someni karatasi za mashindano pamoja naye. Sasa nitaeleza sababu zangu.

Mashindano si mambo mageni

Wako wanaosema kwamba mashindano ya kuimba ni mambo ya televisheni. Si kweli. Wazee wetu walishindana kabla ya redio kufika.

Tuwatazame Wasukuma. Tangu karne ya 19 wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, vyama hivyo hukutana uwanjani. Kila upande hupiga ngoma yake kwa wakati mmoja. Watazamaji huenda kule kunakowapendeza. Upande wenye watu wengi ndio mshindi. Sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, zinajulikana sana kwa mashindano hayo.

Kwa hiyo manju wa Kisukuma hawezi kulala. Lazima atunge wimbo mpya. Lazima ajue watu wanapenda nini, na mpinzani wake amejiandaa vipi. Mashindano ndiyo yanayomnoa, kama jiwe linavyonoa panga.

Mashindano ni shule

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880. Hakusoma shule. Alitembeza vyungu akiviuza, na sauti yake ya kunadi ilijulikana. Alipohamia mjini, wajuzi wa muziki walimsikia wakamfundisha. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nchini India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake.

Hapo tunapata fundisho. Sauti peke yake haikutosha. Ilibidi isikiwe na watu wanaojua, nao wamwelekeze. Siti hakuwa na televisheni wala simu. Leo, kwa kijana wa kijijini, mashindano ni njia mojawapo ya kusikiwa na wajuzi.

Mashindano humpa kijana mambo matatu. Kwanza, humpa siku maalumu. Anayejua ataimba tarehe fulani hujifunza kwa bidii kuliko anayesema "iko siku". Pili, humpa masikio ya wageni. Nyumbani mama atakusifu hata ukikosea. Mwamuzi atakuambia: unaimba kwa haraka, maneno hayasikiki, pumzi inakwisha katikati ya mstari. Tatu, humpa wenzake. Atakutana na mpiga gitaa, mpiga ngoma na mtunzi. Huenda siku moja wakaunda kikundi.

Wasichana nao waruhusiwe. Mashindano ya Afrika Mashariki ya Tusker Project Fame yalipoanza mwaka 2006, mshindi wa kwanza alikuwa mwanamke, Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 alishinda mwanamke tena, Esther Nabaasa wa Uganda. Ukimwogopea binti yako, nenda naye. Usimfungie.

Kushindwa si mwisho

Wazazi wengi husema, "Akishindwa atavunjika moyo." Ni kweli, kushindwa kunauma. Lakini mkulima aliyekosa mvua mwaka huu hatupi jembe.

Hapa Tanzania tuliona mfano katika mashindano ya Bongo Star Search. Peter Msechu alishiriki mwaka 2009, na hakuwa mshindi. Hakukaa nyumbani kulia. Mwaka 2010 alikwenda Nairobi kwenye Tusker Project Fame, akashika nafasi ya pili. Jina lake likajulikana katika nchi jirani.

Hata ushindi si mwisho wa safari. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012. Baadaye alijulikana zaidi kwa nyimbo za Injili. Kombe halikumwimbia. Alipaswa kuendelea kufanya kazi na kutafuta njia yake mwenyewe.

Basi tumwambie kijana ukweli. Washindani ni wengi, na mshindi ni mmoja. Asiache shamba, cherehani au masomo kwa tumaini la zawadi. Aende kujifunza. Akirudi na zawadi, tutashangilia. Akirudi na mafunzo tu, hakupoteza safari.

Soma kabla ya kuweka sahihi

Hapa, ndugu mwanakisomo, ndipo kisomo chako kinapohitajika. Mashindano makubwa yana fomu. Mshindi hupewa mkataba. Karatasi hiyo inaweza kumjenga kijana, na inaweza kumfunga. Kama hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi asome pamoja naye. Tafuteni majibu ya maswali haya:

1. Nani anaandaa mashindano? Ofisi yake iko wapi? Waandaaji wa mashindano ya sanaa wanatakiwa kuwa na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Ulizeni kibali hicho.

2. Je, kuna kiingilio? Mtu asiyejulikana akikupigia simu na kusema, "Umechaguliwa, tuma fedha kwa namba hii," usitume. Kwanza uliza ofisi ya utamaduni ya wilaya.

3. Mshindi anapatikanaje? Mara nyingine watu hupiga kura kwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe hulipiwa. Hapo mwenye ndugu wengi wenye fedha anaweza kumpita mwenye sauti. Usiuze mbuzi ili kununua kura.

4. Wimbo utakuwa wa nani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga kazi yake. Lakini mtunzi anaweza kutoa haki hiyo kwa sahihi yake mwenyewe. Akitia sahihi bila kusoma, wimbo wake unaweza kuwatajirisha wengine, naye akabaki kuusikiliza redioni.

5. Mkataba utamfunga kwa muda gani? Kati ya kila shilingi mia itakayopatikana, yeye atapata ngapi?

Msipoelewa, msione haya. Semeni, "Tunaomba tukasome nyumbani." Mtu mwema atakubali. Anayekuharakisha utie sahihi palepale, mwogope. Haraka haraka haina baraka.

Pia kijana aandike nyimbo zake katika daftari, na kila wimbo auwekee tarehe. Anaweza kuziandikisha katika Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA. Kama hajui kuandika, aje darasani. Nafasi iko.

Tuanze kijijini

Si lazima kijana apande basi ndipo ashindane. Kijiji chenyewe kinaweza kuandaa mashindano baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi. Hayahitaji fedha nyingi. Ombeni ruhusa kwa serikali ya kijiji. Chagueni siku na uwanja. Anzeni saa nane mchana, mmalize kabla ya giza, ili wasichana na akina mama warudi nyumbani salama.

Wekeni waamuzi watatu. Wawili watoke nje ya kijiji, maana si rahisi mtu kumhukumu mtoto wa shangazi yake. Kila mshindani aimbe nyimbo mbili: mmoja unaojulikana, na mmoja aliotunga mwenyewe. Waamuzi watazame sauti, maneno na utulivu mbele ya watu. Waandike alama kwenye karatasi, na mwisho zisomwe hadharani.

Jambo moja nalikataa kabisa. Katika baadhi ya mashindano, waamuzi huwacheka vijana wanaokosea, na watazamaji hufurahia kicheko hicho. Huo si uamuzi. Mwamuzi amweleze kijana alipokosea na namna ya kujirekebisha, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Nani kati yetu angejifunza kusoma kama siku ya kwanza angechekwa?

Zawadi iwe ya kadiri yenu. Kuku, jembe au daftari na kalamu vinatosha. Kijana atakayeshinda kijijini akashindane katani, kisha wilayani. Akifika mjini hatatetemeka, kwa sababu amekwisha zoea macho ya watu.

Ndugu wazazi, kipaji ni mbegu. Mbegu iliyofungiwa ghalani haioti. Ndugu vijana, tungeni, jifunzeni, jitokezeni. Mkishinda, mshukuruni Mungu na muendelee na kazi. Mkishindwa, rudini mjifunze tena. Na karatasi yoyote mtakayopewa, isomeni mpaka mstari wa mwisho.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chenu watu walishindana kwa ngoma au nyimbo gani zamani? Mshindi alipatikanaje?

2. Kwa nini mwandishi anasema waamuzi wawili watoke nje ya kijiji? Je, mnakubali?

3. Taja mambo matatu ya kutazama kabla ya kutia sahihi katika mkataba.

4. Andika mistari minne ya wimbo wako mwenyewe. Weka jina lako na tarehe.