Siri ya Idara na Usalama wa Raia

Kuna watu wanaodhani kuwa habari ni mali ya idara iliyoziandika, kama shamba lilivyo mali ya mwenye hati. Polisi huweka zao, hospitali huweka zao, shule na baraza la mji kadhalika. Na kila mmoja humwona jirani yake kuwa mgeni aliyekuja kuchungulia dirishani. Desturi hii husifiwa kwa jina la uaminifu, nayo jina hilo haiistahili. Aghalabu ni uvivu uliovikwa kanzu ya sheria, na gharama yake hulipwa na mtu asiyejua hata kama kabati hizo zipo.

Mwaka 2002 wasichana wawili waliuawa katika mji mdogo wa Soham, Uingereza, na mtu aliyekuwa mtunzaji wa shule. Polisi wa Humberside, upande alikotoka, walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa juu yake kati ya 1995 na 1999. Hazikumfikia aliyempa kazi. Polisi hao walipotakiwa kujieleza, walitaja sheria ya kulinda habari za watu kuwa ndiyo iliyowafunga mikono. Uchunguzi ulioongozwa na Michael Bichard, uliotoa ripoti yake 2004, haukuukubali udhuru huo. Sheria haikuwa imekataza. Kumbukumbu zilikuwa zimetunzwa vibaya.

Kutokana na misiba ya namna hii wengine huruka upande wa pili, wakataka kila jalada lifunuliwe mbele ya kila askari. Hilo nalo ni kosa, na yamkini ni baya zaidi. Tangu Januari 2017 mapatano rasmi yaliiwezesha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kupata anwani za wagonjwa, ili kuwasaka waliodhaniwa kuishi nchini bila ruhusa. Madaktari na kamati ya bunge walipinga, wakionya kuwa wagonjwa wataogopa kutibiwa, na Mei 2018 serikali ikarudi nyuma. Hospitali inayogeuka mtego haipati habari zaidi. Hupoteza hata zile ilizokuwa nazo.

Kati ya kabati lililofungwa na kabati lililovunjwa ipo njia, nayo imekwisha kujaribiwa. Jonathan Shepherd, daktari mpasuaji wa kinywa na uso katika mji wa Cardiff, Wales, alikuwa akishona nyuso za watu waliopigwa usiku, nyingine zimepasuliwa kwa bilauri za bia. Alipolinganisha daftari za hospitali na za polisi, aligundua kuwa sehemu kubwa ya majeruhi wa mapigano hawakujulikana na polisi kabisa. Sababu hazikuwa za ajabu. Wengine waliogopa kisasi, wengine hawakumjua aliyewapiga, na wengine hawakutaka mwenendo wao wenyewe uchunguzwe. Basi ramani ya polisi ilikuwa ramani ya malalamiko, si ramani ya damu.

Dawa ilikuwa nyepesi. Karani wa mapokezi alimwuliza majeruhi amepigiwa wapi hasa, saa ngapi, na kwa silaha gani. Majina yaliondolewa hospitalini humo humo; yaliyobaki yakapelekwa kila mwezi kuunganishwa na habari za polisi. Kwa nuru hiyo doria zilihamishiwa kwenye mitaa na saa zenye hatari, na wenye baa zilizotajwa mara kwa mara wakatakiwa kujibu. Hakuna mgonjwa aliyesalitiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la tiba la BMJ, Cardiff ikilinganishwa na miji 14 inayofanana nayo. Waliolazwa Cardiff kwa sababu ya kupigwa walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila wakazi 100,000. Katika miji ile mingine walipanda kutoka 5 hadi 8. Mashambulio madogo yaliyoandikwa na polisi wa Cardiff, kinyume chake, yaliongezeka kutoka 15 hadi 20. Mwenye haraka ya kubeza atasema hapo ndipo mpango uliposhindwa. Haoni kwamba askari aliyefika mapema huandika kofi, na aliyechelewa huandika jeraha.

Afrika Mashariki haiwezi kuyatazama haya kuwa hadithi ya ng'ambo. Tanzania ina fomu ya PF3, na Kenya ina P3: karatasi ya polisi ambamo daktari huandika hali ya majeraha, ipate kuwa ushahidi mahakamani. Njia baina ya kituo na hospitali ipo tangu zamani, ila mpitaji wake ni majeruhi mwenyewe, bandeji kichwani na karatasi mkononi. Kwa kesi ya mtu mmoja fomu hiyo ina kazi kubwa, wala haifai kudharauliwa. Lakini haikuundwa ili kueleza ni kichochoro gani, na ni usiku gani wa juma, kinachojeruhi watu mwaka mzima. Tena anayekiogopa kituo, kama vile mke aliyepigwa na mumewe au kijana aliyekatwa panga katika ugomvi aliouanza mwenyewe, humwambia daktari kuwa ameanguka. Uongo huo huingia daftarini, ukahesabiwa kuwa ajali.

Mwanamke huyo halaumiwi. Anajua kuwa karatasi ile ina jina lake. Aulizwe saa na mtaa tu, wala namba ya nyumba isiandikwe, na ahakikishiwe kwa sheria kuwa jina lake halitoki katika lango la hospitali. Watakaosema kuwa makarani wamelemewa na kazi wakumbuke kuwa karani huyo tayari humwuliza mgonjwa jina, umri na makazi. Maswali mawili matatu zaidi hayatamchelewesha majeruhi kuliko safari ya kufuata fomu kituoni.