Kutu Inayokula Maharagwe Yako

Mpenzi msomaji wa Umoja, Kayole au Dandora, je, umepanda maharagwe nyuma ya nyumba? Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vipele vya hudhurungi vinavyoacha vumbi kidoleni, hiyo ni kutu, kuvu iitwayo Uromyces appendiculatus. Huunyonya mmea ungali hai, majani yakapukutika kabla maganda hayajajaa, na sufuria ya githeri ikapungukiwa. Vumbi hilo ndilo uzazi wake. Hubebwa na upepo na kuota jani likishinda na umande usiku kucha. Basi mwagilia asubuhi, tena shinani. Ukishavuna, ng'oa masalio uyazike, na msimu ujao upande sukuma wiki hapo. Mwambie na jirani. Upepo hauheshimu mpaka wa ploti.