Dinamo ya tatu

Baada ya kile kipindi cha gari za wazee wetu mmetuletea ujumbe wa sauti mpaka simu ya mwenzangu ikajaa. Mwingi wa kuchekesha. Kumbe kila nyumba, iwe Ibra, iwe Nizwa, ina mzee mmoja ambaye gari yake haiuzwi, haiazimwi, na haioshwi na mtu mwengine.

Lakini mmoja niliusikiliza mara tatu. Ni wa kijana wa Sur. Baba yake ana Lexus LS400 ya 1996, anayo tangu kijana mwenyewe yuko skuli ya msingi. Ndani ya mwaka mmoja imekula dinamo mbili. Ya tatu imekufa mwezi uliopita, karibu na Quriyat, saa nane mchana, wanarudi Maskati hospitali. AC imezima, gari imezima, na mzee ana sukari. Wamekaa karibu saa nzima pembeni ya barabara mpaka akasimama mtu na maji. Quriyat, kwa wasiojua, ndiko usiku wa tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya 42.6, rikodi ya dunia kwa usiku. Huo usiku. Mchana wake fikirini wenyewe.

Sasa kaka zake wanasema khalas, gari iende skrap. Mzee hataki hata kulisikia hilo neno. Na kijana anatuuliza: iko haja ya kuitengeneza, au tunamfurahisha mzee tu?

Nitajibu. Ila kwanza kuna kitu alikisema kwa haraka, kama hakina maana. Alisema: "Baba tangu mwanzo anasema sili imekufa, inachuruzika, mimi nikidhani anasema gari ndiyo imekufa."

Mzee alikuwa anakupa jibu, ndugu yangu. Sili ni ile pete ya mpira inayokaa pale chuma kinapozunguka ili mafuta yasitoke nje. Ikikauka, mafuta yanachuruzika, yaani yanatoka kidogo kidogo, hayamwagiki. Baba yako anazungumza Kiswahili cha gereji, fundi wa sanaiya anazungumza Kimalayalam na Kiarabu cha kazi, na wewe uko katikati, unafasiri. Umefika kwa fundi umesema "dinamo imeharibika", kwa sababu hilo ndilo neno ulilokuwa nalo. Fundi kabadilisha dinamo. Hakuna aliyetazama juu yake.

Na juu yake ndiko kwenye maneno. Katika injini ya gari hii, V8 ya lita 4 inayoitwa 1UZ-FE, pampu ya stelingi imekaa juu ya dinamo. Pampu ikianza kuchuruzika, mafuta hayadondoki chini ukayaona kwenye sakafu ya hoshi. Yanadondokea dinamo, yanaingia ndani, yanachanganyika na vumbi, na dinamo inakufa polepole. Unaweka mpya, nayo inaanza kunyweshwa siku ile ile. Watu wenye gari hizi Marekani na Australia wanalijua hili miaka mingi. Wala sisemi kiwanda kimekosea. Mpira wa 1996, umepikwa na joto la Sharqiyah karibu miaka 30, ulitaka ufanye nini?

Kwa hiyo usinunue dinamo ya nne bado. Fanya hivi.

Injini iwe baridi kabisa. Fanya kazi baada ya alfajiri au baada ya laasiri. Kama serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti, na wewe usijifanye chuma. Vua waya wa hasi wa betri. Ifunike dinamo kwa mfuko wa plastiki, halafu osha pampu na mipira yake yote kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi. Osha mpaka uone rangi ya chuma. Ukishakauka, toa ule mfuko (usiusahau hapo, mkanda utaula), nyunyiza poda ya mtoto kila pahala. Ndiyo, hiyo hiyo ya nyumbani. Rudisha waya, washa gari, mwengine azungushe usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, mara kumi, wewe mikono iwe mbali na mikanda. Zima. Chukua tochi. Poda itakuwa imelowa pale panapotoka mafuta, na utaona mahala pa mwanzo, siyo pale yalipofikia tu.

Mara nyingi ni mojawapo ya hizi: sili ya shafti ya pampu, oringi ya kopo la mafuta, au mpira wa kurudisha mafuta. Mpira na oringi mtabadilisha wenyewe kwa jioni moja. Sili ya shafti inataka pampu itoke na ifunguliwe. Kit ya mipira yake ni bei ya chakula cha watu wachache mkahawani, ukilinganisha na dinamo tatu. Ukiifungua, piga picha kila hatua. Mle ndani muna vibati vidogo vinavyokaa kwenye mifereji, na kila kimoja kina upande wake.

Ukirudisha, tia mafuta ya gia otomatiki, Dexron III, usitie chochote kile kilichoandikwa "stelingi". Nyanyua magurudumu ya mbele, zungusha usukani huku na huku injini ikiwa imezimwa, ongeza mafuta, zungusha tena, halafu ndiyo uwashe. Hewa ikibaki ndani utasikia pampu inalia kama paka.

Na gari ikinyanyuliwa, inakaa juu ya stendi za chuma. Siyo juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, hata kama ami yako kafanya hivyo miaka 40 Mwenyezi Mungu akamnusuru.

Kuna jengine, kwa sababu kijana ametaja pia "moshi mweupe asubuhi". Wote wa gereji wamemwambia injini imekwisha, atafute nyengine. Hebu subiri. Pampu hii ina vali ndogo yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo unapokata usukani gari imesimama, injini isizime. Vali ikichoka ndani, injini inafyonza mafuta ya stelingi na kuyaunguza, na hayo ndiyo yanayotoka nyuma kama moshi. Vuta mpira mmoja. Ukiwa umelowa mafuta ndani, umempata mwizi. Ziba mipira yote miwili upande wa injini, endesha siku mbili tatu, tazama moshi. Ukikwisha, unanunua vali, hununui injini. Usipokwisha, hapo tena tuzungumze mengine: maji ya rejeta yanapungua? Mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa?

Nimemuuliza mwenzangu anayefundisha umakanika chuoni, anasema hilo la kubadilisha injini nzima kwa sababu ya vali ya kiasi cha kidole analiona kila mwaka. Sitaki kuwalaumu mafundi. Wanalipwa kwa gari zinazotoka, siyo kwa muda wa kutazama, na mteja mwenyewe amewaambia dinamo.

Sasa spea. Watu wa Sur na Ibra wanateremka Wadi Kabir, wa Nizwa wana sanaiya yao, na ikishindikana Sharjah ipo, mitaa mizima ya gari zilizokatwa. Kabla hujaenda, jua gari yako ni ya Khaliji au ni wared Amrika. Ukiona saa ya mwendo inasoma maili, ni ya Amrika, na vitu vya umeme na vya AC vinaweza kuwa mbali mbali. Jambo jengine ambalo wengi hawalijui: Japani gari hii haikuitwa Lexus. Iliuzwa kama Toyota Celsior tangu 1989, na jina la Lexus lenyewe halikuingia Japani mpaka 2005. Kwa hiyo ukiwa na binamu Unguja au Dar, mwambie atafute Celsior. Usukani uko upande wa pili, lakini pampu na vitu vingi vya injini ni vile vile. Binamu yangu wa Mwanakwerekwe kanitumia sili na oringi ndani ya mfuko wa halua. Zilifika zinanukia iliki.

Dinamo ya kutumika, sinunui. Mpira wa kutumika, hata bure. Mlango, taa, kiti, kioo, hivyo ndiyo vya skrap.

Pia nataka kusema vya kutofanya nyumbani, maana kipindi kile tulijisifu sana. Gesi ya AC mwachie mwenye mashine ya kuvuta hewa. Springi za shokamzoba zimebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya, ziache. Mifuko ya hewa ya usukani usiiguse. Mkanda wa taimingi unafanyika nyumbani na mtu mwenye subira na vifaa, lakini kama gari yako ni ya 1998 na kuendelea, yenye VVT-i, mkanda ukikatika vali zinagonga pistoni na hapo ndiyo injini kweli imekwisha. Mlipe anayeijua. Na akishafungua huko mbele, abadilishe na pampu ya maji, maana inazungushwa na mkanda huo huo. Kulipa kazi mara mbili ni israfu.

Yaliyobaki ni madogo, yanategemea mnakaa wapi. Sur ni chumvi: tazameni waya za ardhi za betri na bolti za chini, zinaoza kabla ya bodi. Ibra na Bidiya ni mchanga, chujio la hewa halisubiri kilomita zilizoandikwa kitabuni, likung'uteni, likichoka mtupe. Watu wa Nizwa, breki. Na tafadhali msinitumie tena picha ya LS400 kwenye kizuizi cha Birkat al-Mawz mkiomba nasaha. Polisi wanapandisha Jabal Akhdar gari za fowili tu, na wana haki.

Tairi za wote: ubavuni kuna namba nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mzee anayekwenda msikitini na kurudi inaweza kuwa na meno yote na umri wa mwanafunzi wa skuli. Kwenye barabara ya Sur mchana wa Julai, meno hayatakusaidia.

Mafuta machafu msimwage mchangani. Nizwa munayo Falaj Daris, iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006, na falaj yoyote, yenye jina au isiyo na jina, inapita chini ya mtu. Tieni kwenye galoni, pelekeni wanakobadilisha oili.

Narudi kwa swali. Huko Marekani kuna mtangazaji wa mambo ya gari, Matt Farah, alinunua LS400 ya 1996, mwaka ule ule wa gari ya baba yako, ikiwa na karibu maili 900,000. Mwaka 2019 ikafika milioni. Kwa hiyo usiambiwe gari imezeeka haina njia. Gari ina njia. Ninachokiogopa mimi ni ile saa moja ya Quriyat.

Rai yangu, na kaka zako wakasirike wakitaka: tengenezeni. Lakini mpaka gari imalize mwezi mzima ndani ya Sur bila tone kwenye poda, mzee haendi nayo Maskati, anapelekwa na gari nyengine. Mwambie wewe, siyo kaka mkubwa. Nunua mita ya umeme, ya bei rahisi inatosha. Gari imezimwa, betri isome 12.6 au karibu. Imewashwa, isome baina ya 13.5 na 14.5. Mpe mzee daftari aandike namba hizo kila Ijumaa. Ikianza kushuka mtajua siku nyingi kabla haijazima njiani. Na kwenye buti yakae maji, tende na mwavuli, hata baada ya kutengeneza.

Magoti ya baba hayamruhusu kuinama tena, umesema. Sawa. Mwekee kiti hapo mbele ya boneti, akushikie tochi, na kila kitu unachokigusa muulize kinaitwaje. Stata, ambayo sanaiya wanaiita selfu, katika injini hii imefichwa katikati ya V, chini ya njia za hewa. Muulize kama anajua, nina hamu ya kusikia atasemaje. Rikodi. Tunataka kukiweka kipande hicho kwenye kipindi, mzee akiridhia.

Mulkia yenu inaisha mwezi wa kumi, kwa hiyo fahas iko karibu na gari inayochuruzika haitapita. Anza na poda wiki hii. Tutumie picha ya mahala palipolowa, ya karibu, yenye mwanga, nasi tutakwambia ni sili ipi.