BII-EI-BII-EI SI BABA

Ndugu wananchi wa Himo, na ninyi wa Marangu, Kilema na Kirua mnaoteremka kuja sokoni kwetu, leo tuna neno nanyi juu ya watoto wenu.

Siku moja ya soko mzazi mmoja alimsimamisha mwanawe mbele yetu kwa fahari. "Anajua eibiisii yote!" Mtoto akaimba toka mwanzo mpaka mwisho, wala hakukosea. Tukamwandikia chini kwa kijiti: BABA. Akasoma, "Bii, ei, bii, ei." Haya, ni neno gani hilo? Akanyamaza. Na karo ya mwaka mzima ilikuwa imekwisha lipwa.

Je, ni sikio la nani litakalosikia baba ndani ya bii-ei-bii-ei? Hakuna! Hayo ni majina ya herufi, tena majina ya Kiingereza. Mtoto hasomi kwa majina, husoma kwa sauti. Mpe sauti ya b, mpe a, aziunganishe: ba. Ba na ba ni baba. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Mali kubwa hiyo, nasi tunaitupa.

Hasara haiishi katika kusoma. Kwa Kiingereza herufi E huitwa "ii", na A huitwa "ei". Basi mtoto akiambiwa aandike kiti, huandika kete. Akiambiwa meza, huandika maza. Afikapo darasa la kwanza huitwa mjinga. Hasha! Ameandika sawasawa kabisa na alivyofundishwa. Mjinga ni nani hapo?

Wenye kasumba watasema ndiyo njia ya kukijua Kiingereza mapema. Lakini huko England kwenyewe, tangu mwaka 2012, watoto wadogo wa shule za serikali hupimwa kama wanaweza kusoma maneno kwa sauti za herufi. Mwenye lugha anafundisha sauti, sisi tunaimba majina!

Wala hatusemi kila anayefundisha silabi amesalimika. Yapo madarasa ambamo ba be bi bo bu huimbwa kama ngoma, na hakuna anayetazama ubao. Mwonyeshe mtoto bo peke yake, ataanza ba be bi ndipo aifikie. Tena tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika; mwalimu mmoja atamsikiliza nani, amwache nani? Hilo ni deni la Serikali, nasi tutalidai.

Nchi hii, ambayo miaka ya 1970 iliwafundisha wazee wetu kusoma ukubwani, iliaibika mwaka 2012 iliporipotiwa kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 wameingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili, uliotaka mtoto azijue sauti za herufi. Kazi hiyo njema inabomolewa katika chekechea za kulipia kabla mtoto hajalifikia darasa la kwanza.

Wazazi, msiulize basi la shule lina rangi gani. Simameni dirishani msikilize kinachofundishwa. Jioni mwandikieni mtoto wa darasa la pili ng'ombe na ngoma. Akizitofautisha, lipeni karo kwa moyo mweupe. Asipoweza, kesho asubuhi mwe mlangoni kwa mwalimu mkuu, na daftari la mtoto mkononi.