Moto Hausubiri Bajeti ya Nyongeza

Kila janga linapozuka nchini, viongozi wetu huwa na msemo waliokwisha kuukariri: ajali haina kinga. Husemwa redioni, hurudiwa makaburini, kisha faili hufungwa. Msemo huo wafaa kuchunguzwa. Neno ajali, katika asili yake ya Kiarabu, ni muda aliopangiwa mja wa kuishi duniani, siku ambayo haisogei mbele wala nyuma. Kwa siku hiyo, naam, hakuna kinga. Lakini mlango wa bweni uliotiwa kufuli usiku, au gari la zimamoto lililowasili bila maji, si ajali kwa maana hiyo. Ni kazi ya mikono ya watu, na aghalabu ni kazi ya makadirio ya fedha.

Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasitiwe vyuma, vitanda viachane kwa mita 1.2. Licha ya hayo, Septemba 2017 tuliwapoteza wasichana 10 katika Shule ya Moi, Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 katika Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Mwongozo humwonya mwalimu mkuu kabla ya moto. Hauzimi moto uliokwisha kuwaka.

Je, ni nani mwenye jukumu la kuuzima? Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti huduma za zimamoto na za ambulensi, na limezitwika serikali zote mbili, ya taifa na ya kaunti, udhibiti wa majanga. Fauka ya hayo, Kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ina maana gani kwa mama anayetokwa na damu kijijini, ikiwa hakuna gari la kumfikisha kwenye matibabu hayo?

Kasoro iko katika fedha, na hasa katika namna fedha hizo zinavyofikiriwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, ambayo matumizi yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Hazina hiyo ni ya haja za haraka zisizotarajiwa. Msomaji na alipime neno hilo, zisizotarajiwa. Moto katika mtaa wa mabanda ya mabati, ambako nyaya za umeme zimetandazwa kama kamba za kuanikia nguo, hautarajiwi na nani? Mafuriko ya msimu wa masika je? Mambo yanayorudi kila mwaka hayafai kungojea hazina ya mambo ya ghafla, wala bajeti ya nyongeza. Yanahitaji fungu lake la kudumu.

Hata fungu hilo linapopatikana, hupendelewa kile kinachopigwa picha. Gavana hukabidhi funguo za gari jipya jekundu, ving'ora vikalizwa, watu wakapiga makofi. Mishahara ya zamu ya usiku haipigwi picha. Wala mafunzo, mafuta, mipira ya maji, na mabomba ya barabarani ya kulijazia gari maji. Gari lisilo na hayo ni pambo. Miji kama Nairobi na Mombasa ilikuwa na vikosi tangu enzi za mabaraza ya miji, lakini sehemu kubwa ya mashambani ilianza ugatuzi mwaka 2013 mikono mitupu. Huko, heri vituo vidogo vingi, kila kimoja na vijana wachache waliofunzwa, kuliko gari moja la fahari makao makuu ya kaunti.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa taaluma yangu hawawezi kulipuuza. Anayepiga simu ya 999 au 112 hupiga kwa hofu, na hofu humrudisha mtu kwenye lugha ya mamaye. Mitaa yetu mingi haina majina wala nyumba hazina nambari. Mpigaji atasema ni nyuma ya kanisa, ukivuka mto, penye mkuyu. Anayepokea simu hiyo sharti awe mtu anayeijua lugha hiyo na mkuyu huo. Ujuzi huo pia hulipiwa.

Kisheria, makadirio ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na umma una haki ya kusikizwa. Vikao hivyo huhudhuriwa na wachache. Walimu na wanafunzi wa vyuo wangefika na maswali matatu tu: kituo cha zimamoto kilicho karibu na shule yetu kiko umbali gani, nani yuko zamu humo saa nane za usiku, na mshahara wake umeandikwa katika ukurasa upi.